Mwani Uanzie Jikoni Kwetu

Hotuba hii ilitolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa vikundi vya akina mama na vijana wanaolima mwani katika pwani ya Kwale. Imefupishwa kidogo ili itoshee katika kurasa za jarida hili.

  Naomba nitumie muda huu mlionipa kuzungumzia jambo moja tu: mwani tunaoulima tuutumie pia nyumbani, katika chakula na katika utunzaji wa ngozi, na tuutumie kwa maarifa.

Sikuja kuwafundisha kulima. Katika kilimo nyinyi ndio walimu. Mnajua maji ya bamvua yanatoka lini, mnajua kufunga mbegu kwenye kamba, na mnajua kwamba baada ya wiki sita hivi mwani uko tayari kuvunwa. Mnajua pia tofauti ya spinosamu na kotonii: spinosamu ni mvumilivu, lakini kotonii huugua na kufa maji yakipata joto. Hayo mmeyajifunza kwa miguu yenu ndani ya maji.

Tuangalie hesabu. Ili upate kilo 1 ya mwani mkavu, unahitaji takriban kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi. Mama anaubeba kutoka shambani ukiwa unachuruzika maji, anauanika kwenye kichanja siku kadhaa, anauchambua mchanga na takataka, kisha anaupeleka kwenye mizani. Kilo hiyo moja, hasa ikiwa ni spinosamu, bei yake haitoshi kununua pakiti ya unga ya kilo 2.

Baada ya hapo mwani wetu hupanda meli. Huko ng'ambo viwanda huutoa karagini, ule utelezi unaogandisha na kushikanisha vitu. Karagini hutiwa katika dawa ya meno, aiskrimu, soseji na losheni, na bidhaa hizo huuzwa hadi kwenye maduka yetu. Kwa maneno mengine, tunauza mwani kwa gunia na kuununua kwa kijiko.

Jirani zetu wa Zanzibar walianza kilimo cha biashara cha mwani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wao pia kwa miaka mingi waliuza mwani mkavu tu. Baadaye akina mama wa huko, wakishirikiana na watafiti kama Dkt. Flower Msuya, walijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, mafuta ya kupaka na vyakula. Hapa Kwale pia vipo vikundi ambavyo vimekwisha kuanza kutengeneza sabuni. Kwa hivyo njia ipo. Ninachosema leo ni kwamba njia hiyo isianzie kwenye maonyesho ya biashara. Ianzie nyumbani. Mtu hawezi kumshawishi mgeni ale kitu ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukionja.

Jikoni

Huko Ufilipino ambako mbegu ilitoka, watu wa visiwa vya Visayas hula mwani wa jamii hii hii. Huuita guso. Huuchovya katika maji ya moto, wakauchanganya na siki, vitunguu, nyanya na tangawizi. Ukiangalia vizuri, hiyo ni kachumbari.

Basi tuanze na kachumbari. Chukua mwani mbichi uliovunwa siku hiyo, uoshe kwa maji safi mara tatu au nne hadi mchanga uishe. Uchovye katika maji yanayochemka kwa sekunde chache, kisha uutoe mara moja na kuutia katika maji baridi. Usiuache motoni, maana utanywea na kuwa utelezi. Ukatekate, uchanganye na nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili na embe bichi. Kamulia ndimu wakati wa kula. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, kwa kuwa mwani umetoka nayo baharini.

Njia ya pili ni jeli ya mwani, na hii ndiyo mama wa mengine yote. Chukua mwani mkavu kiasi cha konzi moja. Uoshe, kisha uuloweke usiku kucha katika maji matamu, ukibadilisha maji mara mbili au tatu. Asubuhi utaukuta umevimba, umelainika na harufu ya bahari imepungua sana. Utie katika sufuria, ongeza maji hadi ufunikwe, uchemshe kwa moto mdogo kwa nusu saa au zaidi huku ukikoroga, hadi uyeyuke. Chuja kwa kitambaa safi kikiwa bado cha moto. Kikipoa, kitaganda.

Hapa aina ya mwani ina maana. Kotonii hutoa jeli ngumu inayokatika kwa kisu. Spinosamu hutoa jeli laini, ya kunyumbulika. Kwa hivyo kama unataka vipande vya kuwapa watoto kama tamutamu, tumia kotonii, na ukichanganya na maji ya dafu itashika vizuri zaidi, kwa sababu dafu lina madini ya potasiamu yanayoisaidia kugandika. Kama unataka kukoleza mchuzi au juisi, spinosamu yatosha.

Vijiko viwili vya jeli hufanya mchuzi wa samaki wa nazi ushikane. Ukiisaga katika blenda pamoja na ukwaju au pasheni na tangawizi, unapata juisi nzito. Ila ukwaju na ndimu viongezwe baada ya kuepua, maana vitu vichungu vikichemshwa pamoja na mwani huuvunja nguvu na jeli haitaganda. Mwani uliokatwa vidogo huingia pia katika bajia na katika nyama ya sambusa.

Sasa naomba akina mama wenye watoto wadogo wanisikilize vizuri. Mwani una madini kama kalisi, magnesi na ayodini, na una nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo. Lakini protini yake ni kidogo na nguvu yake mwilini ni kidogo. Ukitia jeli katika uji, uji huwa mzito hata kama unga ni haba. Jicho litaona uji mzito, lakini mtoto atakuwa amekunywa maji yaliyoganda. Usipunguze unga kwa sababu ya mwani. Wala mwani hauchukui mahali pa samaki, maharagwe, mayai au maziwa. Ni kiungo cha kuongeza juu ya chakula kilichokamilika.

Ngozi na nywele

Bibi zetu hapa pwani walitunza ngozi kwa liwa, manjano na mafuta ya nazi, wala hawakusubiri chupa kutoka ng'ambo. Mwani unaingia katika ukoo huo huo. Jeli yake ikipakwa huacha utando mwembamba unaozuia unyevu kupotea, na ndiyo maana ngozi huhisi laini baadaye.

Tumia jeli isiyotiwa sukari wala chumvi. Changanya vijiko viwili vya jeli na kijiko kimoja cha unga wa liwa, paka usoni, kaa dakika 15, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na umalizie kwa mafuta kidogo ya nazi. Kwa nywele, paka jeli baada ya kuosha kichwa, ichane ienee, kisha uisuuze.

Kabla ya yote hayo, jaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya kiwiko na usubiri hadi kesho yake. Ukiona wekundu, mwasho au vipele, acha. Usipake kwenye kidonda wala karibu na macho. Na mjue kwamba jeli ya nyumbani haina kihifadhi. Nje ya friji haipiti siku moja katika joto letu hili. Ndani ya friji ni siku nne au tano. Ikibadilika harufu au rangi, imwage.

Kuhusu sabuni, jambo la hatari ni kostiki soda, si mwani. Vaeni glavu na miwani, fanyeni kazi mahali penye hewa, na watoto wakae mbali. Soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe maji yasimwagwe juu ya soda, maana huchemka na kuruka. Msitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa soda huila. Ikikurukia, jioshe kwa maji mengi, kisha nenda zahanati. Sabuni ikishakatwa vipande, iacheni ikae wiki nne hadi sita kabla ya kuitumia au kuiuza.

Nani awe na tahadhari

Ayodini ni madini muhimu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito na anayenyonyesha. Lakini kumbukeni kwamba chumvi ya mezani hapa nchini tayari hutiwa ayodini kwa mujibu wa sheria. Mwani unaongeza juu ya hiyo, na ikizidi sana inaweza kusumbua tezi ya shingo. Kwa hivyo tule kwa kiasi, kama mboga ya kubadilisha, si bakuli kila siku. Mwenye ugonjwa wa tezi, mwenye maradhi ya figo na mama mjamzito wazungumze kwanza na daktari au muuguzi. Mwenye presha auloweke vizuri na kumwaga maji yale ya kwanza, kwa sababu ya chumvi.

Mahali mwani unapotoka pia ni muhimu, maana mwani hufyonza kilichomo ndani ya maji. Msile uliovunwa karibu na gati, panapomwagika mafuta ya vyombo, au karibu na mtaro wa maji machafu. Msiokote uliosukumwa ufuoni ukaoza. Na tafadhali tusichanganye mwani na nyasi za bahari. Nyasi zile zina mizizi, na ndizo nyumba za samaki wachanga. Tusizing'oe.

Maneno tunayoyaandika

Nimalizie na lililo karibu zaidi na kazi yangu, nayo ni kazi ya maneno.

Kikundi kikishatengeneza bidhaa, swali la kwanza huwa: tuandike nini kwenye lebo? Na huko mitandaoni mwani unauzwa kwa majina ya kila aina, ukisifiwa kwamba unatibu sukari, presha, kansa na ugumba, na kwamba unang'arisha ngozi iwe nyeupe. Kishawishi cha kunakili maneno hayo ni kikubwa, kwa sababu yanauza haraka.

Nawaomba tusiyanakili. Fikirini mzee mmoja wa hapa hapa, anayemeza dawa za presha kila siku. Akisoma lebo yetu kwamba mwani unatibu presha, naye anamwamini jirani yake aliyeutengeneza, ataacha vidonge. Siku akianguka, hatakuwa ameangushwa na mwani. Atakuwa ameangushwa na neno moja tuliloliandika ili tuuze chupa moja zaidi. Na kikundi kikipoteza imani ya watu mara moja, hata sabuni yake nzuri haitanunuliwa.

Kuhusu weupe wa ngozi, mwani hauchubui, na hiyo ni sifa njema. Mkiona mtu anauza krimu anayoiita ya mwani, nayo inageuza rangi ndani ya wiki, basi ndani yake mna kitu kingine. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa sababu zinadhuru.

Lebo ya kweli ina mambo machache: jina la bidhaa, vilivyomo vyote, uzito, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la kikundi. Ukitaka kuuza zaidi ya majirani, utahitaji alama ya ubora ya KEBS, na mkaguzi ataanza na lebo hiyo hiyo. Andikeni "sabuni ya mwani na mafuta ya nazi". Andikeni "hulainisha ngozi". Hayo ni kweli na yanatosha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ombi langu ni hili. Wiki hii kila mmoja wetu atenge konzi moja tu ya mwani kabla ya gunia kufungwa. Aupike, familia ionje. Kisha mkikutana kwenye kikundi, mlinganishe: nani aliloweka muda gani, nani alitumia kotonii, ya nani iliganda, na watoto walisemaje. Yaandikeni kwenye daftari la kikundi, ili kikundi kiwe na mapishi yake chenyewe. Penye swali la usafi wa chakula, muulizeni afisa wa afya ya umma. Penye swali la shamba, muulizeni afisa wa uvuvi. Wapo kwa ajili yenu.

Gunia litaendelea kwenda ng'ambo, na bei tutaendelea kuipigania. Lakini konzi ile moja inabaki nyumbani, na thamani yake mnaipanga nyinyi.