Medicare: Usingoje Siku ya Kustaafu

Wazee wetu wengi waliohamia Marekani hudhani kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali, huja mtu anapostaafu. La hasha, huja kwa umri. Mlango wa kujiandikisha hufunguliwa miezi 7: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza miaka 65, mwezi wenyewe, na mitatu baadaye. Wakimbizi wengi waliandikiwa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, na aliyezaliwa tarehe 1 huhesabiwa mwezi mmoja mapema. Kwao mlango hufunguka Septemba na kufungwa mwisho wa Machi. Na usikae ukingoja barua: asiyepokea bado mafao ya Hifadhi ya Jamii kwa kawaida lazima aombe mwenyewe.

Mtu atauliza: nina afya njema, nilipe ya nini? Kwa sababu ada ya Sehemu B, inayogharamia madaktari, hupandishwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili ya kuchelewa, na nyongeza hiyo humwandama mtu muda wote awapo na bima hiyo. Hoja nzito zaidi ni ya anayeendelea kufanya kazi na ana bima ya mwajiri. Huyo anaruhusiwa kungoja. Kazi ikiisha ana miezi 8 ya kujiandikisha bila adhabu. Lakini mwajiri akiwa na wafanyakazi chini ya 20, Medicare ndiyo hutangulia kulipa, na asiyekuwa nayo anaweza kuachiwa deni la hospitali. Muulize mwajiri idadi hiyo sasa, kabla ya kutimiza miaka 65.