Majina ya Ukoo na Vitabu vya Kale vya Kanisa

Jioni hii nataka kuwaeleza jinsi mtu awezavyo kufuata asili ya jina la ukoo wake katika vitabu vya kale vya ubatizo, ndoa na maziko. Nisingalichagua habari hii kama si mashaka yaliyotupata nyumbani kwetu miaka kadhaa iliyopita. Mdogo wangu alitaka kuoa, na binti aliyempenda alikuwa na jina la ukoo lile lile letu. Ni jina la Kizungu, nasi tulilipata kwa baba wa babu yetu, ambaye alitolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na misheni ya pwani. Shangazi yetu aliposikia habari ya posa alisema neno moja tu: "Hiyo ni damu moja." Wazee wa upande wa pili nao wakasema vivyo hivyo. Wala hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kutuambia undugu huo ulianzia kwa nani. Jina ndilo lililokuwa ushahidi wote.

Basi wakaniagiza mimi nikatazame vitabuni. Lakini kabla sijawaambia niliyoyaona, yafaa tuvijue vitabu vyenyewe, maana asiyejua kitabu kiliandikwaje atakisoma vibaya.

Desturi hii ya kuandika ilitufikia kutoka Ulaya, na kwa upande wa Uingereza mwanzo wake wajulikana sana. Mwezi wa Septemba mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila kanisa la mtaa liwe na kitabu cha kuandikia waliobatizwa, waliooana na waliozikwa. Padre aliandika kila Jumapili mbele ya wazee wa kanisa, kisha kitabu kikawekwa ndani ya sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ulikuwa kwa padre, wa pili kwa wazee, ili mmoja asiweze kufungua pasipo mwenziwe. Watu hawakufurahi, wengi walidhani kwamba mfalme anatafuta njia ya kuwatoza kodi mpya. Sisi ambao babu zetu waliandikwa majina yao kwa ajili ya kodi ya kichwa twaielewa hofu yao vizuri.

Vitabu vya kwanza vilikuwa vya karatasi, navyo vikaharibika. Kwa hiyo mwaka 1598 ikaamriwa vinakiliwe katika vitabu vya ngozi, hasa habari za tangu mwaka 1558, Malkia Elizabeth alipotawala. Neno hilo "hasa" lilileta hasara kubwa. Wengi waliopewa kazi walianza pale pale 1558, wakaiacha miaka ishirini ya nyuma ipotee. Lakini amri ile ile iliagiza nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu, na nakala hizo zimewaokoa watu wengi ambao vitabu vya mtaa wao viliungua au kuliwa na panya.

Wakati ule Waingereza walikuwa wamekwisha kuwa na majina ya ukoo. Kufika yapata mwaka 1400 jamaa nyingi walikuwa nayo. Smith ni mhunzi, Baker ni mwoka mikate, Cooper ni fundi wa mapipa, Hill ni mtu aliyekaa kilimani, Johnson ni mwana wa John. Kwa Mwingereza, basi, kitabu cha kanisa hakilizai jina. Humwonyesha njia lililopita tu. Yeye huanza na mzee anayemjua, akatafuta ndoa yake, kisha ubatizo wake, kisha ndoa ya wazazi wake, akirudi nyuma kizazi kwa kizazi mpaka afike katika kijiji ambamo jina lile limejaa katika kila ukurasa. Aendaye kwa kuruka, akashika jina linalofanana na lake la miaka mia mbili nyuma na kusema, "Huyu ni babu yangu," amejipatia babu wa watu.

Hata hivyo njia hiyo ina mitego. Hadi mwaka 1752 Waingereza walianza mwaka wao tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari iliyoandikwa 1650 kwa hesabu yetu ni 1651. Mapadre wa kwanza waliandika mara nyingi kwa Kilatini. Tena kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1642, na hata mwaka 1660 katika mitaa mingi mna kurasa tupu.

Mtego mkubwa kupita yote ni sikio la karani. Mtunga tamthilia Shakespeare alibatizwa katika mji wa Stratford tarehe 26 Aprili 1564, na jina lake limeandikwa kwa tahajia nyingine kabisa, yaani Shakspere. Hata yeye mwenyewe sahihi zake zilizobaki hazilingani. Alipotaka kuoa, mwezi wa Novemba 1582, karani wa askofu aliandika siku moja kwamba bibi arusi ni Anne Whateley, na kesho yake hati nyingine ikamwandika Anne Hathwey. Wataalamu wengi husema mwanamke ni yule yule mmoja, karani alikosea tu. Fikirini: mtu mashuhuri kama huyo, na kalamu imempa wake wawili kwa siku mbili!

Lakini kuna watu ambao jina lao lilizaliwa kitabuni humo humo. Mwaka 1741 nyumba ya kulelea watoto walioachwa na wazazi wao ilifunguliwa London kwa juhudi ya Thomas Coram. Kila mtoto alibatizwa kwa jina jipya. Mvulana mmoja wa kwanza akaitwa Thomas Coram, na msichana akaitwa Eunice Coram, jina la mkewe. Hawakuwa wana wao. Mtu wa leo akifuata jina kama hilo atafika mlangoni pa nyumba ile, na hapo jina litakuwa limekwisha. Linamwambia nani aliyempokea babu yake, si nani aliyemzaa.

Na hapo ndipo tunapoingia sisi wa pwani. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, watoto waliookolewa walikabidhiwa kwa misheni. Wako waliopelekwa Nasik katika Bara Hindi, na baadhi yao wakarudi Afrika ya Mashariki. Wengine walipokewa Unguja, ambako misheni ya Vyuo Vikuu ilifika mwaka 1864, wengine Bagamoyo tangu 1868, na wengine Frere Town karibu na Mombasa tangu 1875. Tazameni Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, akasoma Nasik, na mwaka 1873 alichora maandishi katika mti pale moyo wa Dakta Livingstone ulipozikwa, kisha akasafiri na maiti hadi Uingereza. Jina lake kwa Kiingereza cha kale maana yake ni fundi wa magari ya mizigo. Hakuna fundi wa magari katika ukoo wake. Mwenzake wa Nasik, Matthew Wellington, aliyefariki Mombasa mwaka 1935, alikuwa amezaliwa Chengwimbe. Twalijua jina hilo kwa sababu alikumbuka na kusimulia. Wangapi hawakusimulia? Huko Unguja wengi waliachiwa jina lao pamoja na la ubatizo, kama Cecil Majaliwa aliyepewa upadre mwaka 1890, na kwa maoni yangu hao walitendewa haki zaidi.

Basi nalikwenda katika kanisa lenye vitabu vyetu. Padre aliniomba kwanza ninawe mikono, akaniwekea kitabu mezani juu ya kitambaa. Nilifuata ile kanuni ya kurudi nyuma: nikaanza na ndoa ya babu, nikapata ubatizo wake, nikapata ndoa ya baba yake. Hapo jina letu lilikuwa na herufi moja zaidi. Mwishoni nikaufikia ukurasa wa ubatizo wa baba wa babu. Umri wake umekadiriwa kuwa miaka tisa. Siku ile walibatizwa watoto kumi na mmoja, na wanne kati yao walipewa jina hilo hilo la ukoo.

Pembeni, mbele ya wote wanne, imeandikwa kwa wino mwekundu jina la mtaa mmoja wa Uingereza. Padre akanieleza kwamba ilikuwa desturi ya misheni nyingi: wafadhili wa Ulaya walitoa fedha ya kumlea mtoto, naye akapewa jina walilolipenda. Katika safu nyingine mwandishi alikuwa ameandika asili zao. Baba wa babu yetu ameandikwa Mnyasa. Babu wa yule binti, naye katika wale wanne, ameandikwa Mzigua. Hapakuwa na damu moja.

Nilikuwa karibu kufunga kitabu kwa furaha. Padre akanizuia, akasema, "Soma ukurasa wote. Usisome jina lako peke yake." Mstari wa tisa ulikuwa wa msichana wa miaka kama sita, mwenye jina jingine kabisa la ukoo, na mbele yake maneno machache: dada yake huyo wa nne. Wa nne alikuwa babu yetu. Mfadhili wake alikuwa mwingine, kwa hiyo jina lake lilikuwa jingine. Watoto wa watoto wake nawajua. Nyumba yao haipiti mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Siku mbili nzima nilizipitisha katika vitabu vya ndoa, moyo ukinipiga, nikitazama kama kijana yeyote wa kwetu ameoa kwao. Hakuna. Lakini hakuna aliyekuwa amekataza.

Nilipomsomea shangazi niliyonakili, alinyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba babu yake kila Krismasi alipeleka samaki katika nyumba ile, na alipoulizwa sababu alijibu, "Ni kwetu." Wao watoto walidhani ni ukarimu. Hata hivyo juu ya posa hakukubali upesi. "Mwanangu," akaniambia, "kitabu kimeandika walikotoka. Hakikuandika walivyoishi. Hawa wanne walilala chumba kimoja, wakala chungu kimoja. Huo nao si udugu?" Sikuwa na jibu la kitabuni.

Wazee walikaa mara tatu kabla ya kutoa ruhusa. Siku ya arusi shangazi alikuja, lakini hakukaa pamoja nasi. Alikaa na wale wa nyumba ya samaki, akiwauliza majina ya watoto wao mmoja mmoja, akiyarudia polepole.