Simu ya Kikundi: Tuulize Nafasi Kabla ya Bei

Leo tuzungumze juu ya simu, maana vikundi vingi sasa vinaweka humo picha za risiti. Sisi tulinunua ya GB 16 kwa sababu ya bei. Kufika mavuno ikakataa kupiga picha, ati imejaa. Katibu akafuta picha za zamani, na risiti za mbolea zikaenda nazo. Karatasi zenyewe zilikuwa zimefifia. Jamani, mkutano ule ulikuwa mgumu. Mweka hazina alilia.

Kosa lilikuwa letu. Ile 16 ya kwenye boksi si yote yako: programu za simu yenyewe zinakula sehemu yake kabla hujapiga picha hata moja.

Wauzaji nao wana hesabu zao. Mwaka 2012 tableti ya Nexus 7 iliuzwa Marekani dola 199 kwa GB 8, na dola 249 kwa GB 16. Dola 50 kwa GB 8 tu! Mwaka 2014 ikaja simu ya OnePlus One: dola 299 kwa GB 16, dola 349 kwa GB 64. Dola 50 zile zile, lakini GB 48 zaidi. Zote mbili hazikuwa na mahali pa memori kadi, kwa hiyo aliyechukua ndogo alibaki nayo hivyo hivyo.

Basi dukani iwasheni kwanza, mwone nafasi iliyo wazi, na muulize kama inakubali kadi. Ikiwa haikubali, afadhali mngoje mchango wa mwezi mmoja zaidi mchukue kubwa. Na kile kitabu cha hesabu msikitupe bado.