Nani Ametia Sahihi kwa Jina Letu?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na watu wa mji



Wako wanaosema ya kama sisi tulianza kusema na mataifa tarehe 30 Juni 1960. Si kweli. Kazi yangu ni ya karani: kila karatasi naitazama chini kwanza, nani ametia sahihi? Tuulize vilevile juu ya inchi yetu.

Katika ufalme wa zamani wa Kongo, ambao mji wake mkubwa leo uko Angola, mfalme Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526. Alilalamika ya kama wachuuzi wanakamata watu wake, hata jamaa zake, akaomba mapadri, walimu na dawa. Mwaka 1604 mfalme Álvaro wa Pili alimtuma Antonio Manuel Nsaku Ne Vunda kwa Papa. Alifika Roma mwanzo wa 1608, mgonjwa sana, akafa baada ya siku chache. Mwaka 1641 Waholanzi walitwaa Luanda, na mfalme Garcia wa Pili akapatana nao juu ya Wareno.

Basi walishindwa kwa nini? Tusijidanganye. Wafalme wale nao waliuza watumwa, na merikebu zilikuwa za wageni. Barua nzuri haina nguvu kama biashara iko mkononi mwa mwingine. Tarehe 29 Oktoba 1665, kule Mbwila, Wareno walimwua mfalme António vitani.

Halafu Berlin, 1884 mpaka 1885. Mezani hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Watu wa Leopold walikuwa na mikataba yenye alama za machifu, imeandikwa kwa lugha wasiyoisoma. Hapa Katanga, Msiri alikataa bendera yao. Tarehe 20 Desemba 1891 wakamwua kwa bunduki kule Bunkeya.

Umoja wa Mataifa ulitupokea tarehe 20 Septemba 1960. Mara wajumbe wa Kasa-Vubu na wa Lumumba wakashindania kiti kimoja, na Novemba mataifa mengine ndiyo yaliyochagua nani akikalie. Nyumba ikigawanyika, jirani ndiye anayemchagua baba.

Wandugu, madini tunayochimba yanavuka bahari kwa mikataba. Mtu akikuambia ya kama maneno ya inchi za nje ni ya wakubwa tu, umuulize: mkataba uko wapi, umeandikwa kwa lugha gani, na nani ametia sahihi kwa jina letu?