Usukani wa Landrova ya Shule

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Wanafunzi wa Zamani, Mwanza)



Kamati imeniomba nieleze jinsi tulivyoutengeneza upya usukani wa Landrova ya shule, ile mnayoiona imesimama pale chini ya mwembe. Ndugu Mwenyekiti ameniagiza mambo mawili: nisizidishe dakika ishirini, na nisitumie lugha ya mafundi. La kwanza nitajitahidi. La pili haliwezekani, kwa sababu usukani ule haukutengenezwa kwa lugha ya ofisini.

Gari lenyewe ni Landrova 109, Series III, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971 na kukoma mwaka 1985. Bodi yake ni ya bati la alumini, ndiyo maana haikuliwa na kutu kwa miaka yote iliyolala nyuma ya karakana. Chasisi ni ya chuma, nayo tulilazimika kuiziba mahali pawili. Wazee wa miaka ya sitini watanibishia kwamba gari la maana lilikuwa Peugeot 404, lile ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nalo mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena 1967. Sawa, wazee wangu, sina ubishi. Lakini nionyesheni Peugeot 404 hata moja inayopanda mlima wa shule hii leo.

Vijana huenda mkajiuliza kwa nini tuhangaike na gari bovu. Nitawaambia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, ikaua mamia ya watu. Nilikuwa Kidato cha Tatu. Shule ilikuwa na wanafunzi wengi waliotoka Kagera, na siku zile hapakuwa na simu za mkononi za kuulizia nani amepanda na nani hakupanda. Landrova hii ndiyo iliyowabeba wenzetu kwenda Uwanja wa Nyamagana kutambua maiti, na baadaye ikawapeleka makaburini Igoma. Ilikwenda na kurudi mchana na usiku. Wako watu katika ukumbi huu waliokaa kwenye mabenchi yake ya nyuma wiki ile. Sitawataja.

Basi, mwaka jana mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na mizani yake. Bodi ya Shule ikaamua, na kwa haki kabisa, kwamba gari lisilotembea ni uchafu wa mazingira: ama lipite ukaguzi wa polisi wa usalama barabarani kabla ya mkutano huu, ama liuzwe kwa kilo. Injini tuliiwasha kwa siku moja. Breki zilichukua wiki mbili. Kilichobaki ni usukani, nao ndio uliokuwa ukitaka kutushinda.

Hali yake ilikuwa hivi. Ungeweza kuuzungusha karibu robo ya mzunguko, kushoto hata kulia, na magurudumu yasijue kitu. Dereva wetu wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa ameuzoea. Alikata kona kabla kona haijafika. Dereva mwingine yeyote angetutumbukiza ziwani.

Fundi mzee wa Igogo tuliyempata hakufungua kitu kwanza. Alimweka kijana mmoja wa Kidato cha Nne kwenye kiti, akamwambia autikise usukani taratibu, huku yeye amelala chini na tochi, mkono umeshika kiungo kimoja baada ya kingine. Landrova hii ina endi za tairodi sita. Nne zilikuwa zimekwisha. Sababu yake wote mnaijua, ila hatupendi kuisema: hapa Mwanza tunaosha magari kwa kuyaingiza ziwani. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, lakini yana mchanga, na mchanga ukishapita kwenye mpira uliochanika unasaga chuma kama dawa ya kunolea kisu.

Baada ya endi ikaja rilei. Hiki ni kiungo kilichosimama wima ndani ya chasisi, mbele ya rejeta, kinachopokea nguvu kutoka kwenye boksi la usukani na kuipeleka magurudumuni. Naomba vijana mnisikilize vizuri hapa. Ndani ya rilei mna springi nene iliyobanwa kwa nguvu kubwa, inayosukuma bushi zilizopasuliwa vipande. Anayeichomoa bila kujua hurushiwa vyuma usoni. Fundi wetu aliifunika kwa gunia nene lililokunjwa mara nne, akalifunga kwa waya, kisha akawaamuru wanafunzi wote warudi hatua ishirini. Mlio tuliousikia ndani ya gunia ulimfanya mwalimu mmoja aombe ruhusa ya kwenda kunywa chai. Rilei ilikuwa kavu kabisa, haina hata tone la oili.

Ama kuhusu boksi lenyewe, ndipo kazi ilipokolea. Katika Landrova hizi, shafti ya usukani na boksi lake ni kitu kimoja kirefu, kuanzia mikononi mwa dereva hadi chini karibu na chasisi. Hakitoki mpaka madigadi ya kulia ifunguliwe. Ndani, shafti imechongwa mfereji wa kuzunguka kama skrubu, na juu yake inatembea nati kubwa. Kati ya nati na mfereji mna gololi ndogo za chuma zinazozunguka na kurudi, ili chuma kisisuguane na chuma. Tulitandika shuka jeupe la bweni, tukazihesabu gololi zikitoka, na mwanafunzi akaandika idadi kwenye daftari. Shuka lilirudishwa bwenini. Hali yake msiniulize.

Tulikuta boksi limejazwa grisi. Kuna mtu, zamani, aliona oili inavuja akafikiri dawa ni kuweka kitu kizito kisichovuja. Grisi ikishasukumwa pembeni hairudi, basi gololi zilikuwa zikizunguka kavu huku boksi limejaa. Dawa ya oili inayovuja ni kubadilisha oili sili. Tulibadilisha sili, tukabadilisha beringi mbili na gololi zote, tukaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, na bushi ya shafti ya chini tukakerezewa upya kwa shaba katika karakana moja ya Nyakato. Bushi ya kwanza ilikaza mno, ikarudi kwenye mashine. Kisha tukatia oili ya gia namba 90, si grisi.

Palitokea ubishi mmoja ambao lazima niueleze, kwa kuwa umegusa mifuko yenu. Mkono unaoning'inia chini ya boksi ulikuwa umelika meno. Mtu mmoja, tena mwenye nia njema ya kuokoa michango, alisema uchomelewe tu, utakaa. Mimi na fundi tulikataa. Chuma cha usukani kilichopitiwa na moto wa kuchomelea hubadilika tabia. Huweza kukaa miezi mingi kimya, kisha kikakatika siku moja bila kutoa taarifa, na siku hiyo kuna vijana kumi nyuma. Tuliagiza mkono mwingine kutoka Arusha, mji ambao una Landrova nyingi hata ukazifanyia tamasha Oktoba 2024. Ulikuja na basi siku ya nne. Nasimama na uamuzi ule, na risiti iko kwa Mweka Hazina.

Nirudi juu, kwenye swichi. Series III ina kitasa kinachofunga usukani ufunguo ukichomolewa, kuzuia wezi. Kitasa chetu kilikuwa kimevunjwa, gari likiwashwa kwa kugusanisha waya. Wanafunzi wa zamani mnakumbuka jinsi gari lilivyokuwa likiteremka mlima huu injini imezimwa, eti kuokoa petroli. Kwa kitasa kizima, dereva akizima na kuchomoa ufunguo huku gari linatembea, usukani unajifunga hapo hapo. Tumeweka kitasa kipya, na kibao kwenye dashibodi: KUTEREMKA INJINI IMEZIMWA NI MARUFUKU.

Sitaki kuwadanganya kwamba sasa gari hili ni salama kama ya kisasa. Wamarekani, wenye magari yao ya nguvu kama Pontiac GTO, nao walikuwa na shafti ya usukani iliyonyooka kama mkuki kuelekea kifua cha dereva, hadi kampuni ya General Motors ilipoanza kuweka zinazokunjika katika magari ya mwaka 1967, na sheria ikayabana magari mapya madogo yote ya nchi hiyo tangu mwaka 1968. Ya Landrova yetu haikunjiki. Kwa hiyo tumefunga mikanda kwenye viti vya mbele, na mwendo usizidi kilometa 60 kwa saa.

Ukaguzi wa polisi tuliupita. Mkaguzi alitikisa usukani, akalala chini mwenyewe, akainuka na vumbi mgongoni, akaandika. Jumamosi iliyofuata tulikwenda hadi Kigongo na kuvuka daraja jipya la J. P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, mpaka Busisi na Sengerema. Enzi zetu gari hili lilikuwa likisubiri kivuko pale, wakati mwingine nusu siku, nasi tukinunua samaki wa kukaanga. Sasa ni kilometa 3 za lami juu ya maji. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali wa ubavuni, na gari halikuyumba.

Kuanzia muhula ujao Landrova itapeleka wagonjwa Bugando na kuleta vyakula sokoni. Daftari la gari liko kwa Mwalimu wa Zamu. Oili ya boksi na ya rilei ikaguliwe kila mwanzo wa mwezi na mwanafunzi wawili wawili, watie sahihi. Gari lisioshwe ziwani.

Kimebaki kifuniko cha duara cha katikati ya usukani. Cha kwetu kilipotea zamani, na tundu tumeliziba kwa kizibo cha chupa ya chai. Kama kuna aliyekichukua kuwa kumbukumbu siku ya kuhitimu, akirudishe kwa Katibu. Hataulizwa jina.