Matembezi ni ya Bure, Lakini Nauli Je?

(Maelezo yaliyotolewa kwenye semina ya viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, vikundi vya kina mama na vijana kutoka Migori na Homa Bay. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Ninyi mliotoka Muhuru Bay na Isebania alfajiri, poleni na safari. Chai ipo, na mandazi tumeambiwa yatatosha.

Nimeombwa nizungumze juu ya matembezi ya bure ya wananchi katika hifadhi za wanyama zilizo karibu na miji. Nilipotaja jambo hili kwa kikundi kimoja cha kando ya ziwa, mama mmoja alicheka, akaniuliza: "Mwalimu, sisi tukamwangalie kiboko kwa nini, na yeye mwenyewe huja kutuangalia kila usiku kwa shamba?" Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Lakini swali hilo si la mzaha, na leo nataka tulijibu vizuri.

Kwanza tuone tuna nini. Kisumu, karibu kabisa na mji, kuna Hifadhi ya Swala ya Kisumu. Serikali iliitangaza rasmi mwaka 1992 kwa ajili ya swala pala waliobaki pale mji ulipokua na kuwazunguka. Ni mahali padogo sana, miongoni mwa hifadhi ndogo kabisa katika Kenya. Ukisimama ndani unasikia honi za bodaboda. Swala wanatembea chini ya miti, nzohe wapo, na viboko hutoka ziwani usiku kula majani. Pale mtu hulipa mlangoni.

Sisi huku kwetu tuna mahali ambapo wengi hupita bila kugeuza shingo. Ni ziwa la Simbi Nyaima, karibu na mji wa Kendu Bay. Ni ziwa dogo la duara, shimo la volkano la zamani, na maji yake ni ya chumvi na magadi, hayanyweki. Lakini ndani yake huota mwani mdogo sana wa kijani, na kwa sababu ya mwani huo wanakuja heroe, ambao wengi wetu tunawaita flamingo tu. Wazungu hulipa pesa nyingi kwenda Nakuru na Bogoria kuwaona ndege hao hao. Hapa kwetu watoto wa shule huwapita wakienda kuteka maji. Ziwa lenyewe ni hifadhi ya kitaifa, lakini boma za watu ziko kando yake, na ukitembea polepole unalizunguka lote kabla jua halijawa kali.

Kisha kuna Ruma, katika bonde la Lambwe. Ruma si ya mjini, ni mbuga kamili ya kilomita 120 za mraba. Ilianza kuwa hifadhi mwaka 1966, ikawa mbuga ya taifa mwaka 1983. Sisi wa Migori hatuna mbuga. Tuna mto, na baadaye nitaeleza kwamba mto unatosha.

Sasa, neno hili "bure." Ndugu zangu, tuwe makini nalo. Tuseme kikundi fulani kinatangaza matembezi ya bure, watu wote wanakaribishwa. Mama wa watoto wanne anasikia tangazo kanisani. Tuseme nauli ya kwenda ni shilingi 150 kwa mtu mmoja, na kurudi ni 150. Watu wanne, hiyo ni shilingi 1,200 kabla hata mtoto mmoja hajaomba soda. Siku hiyo hataanika omena wala hatauza. Mtoto wa nne, yule mchanga, ni nani atabaki naye? Kwa hiyo mama anasema asante, anabaki nyumbani. Halafu mwenye kuandaa anaandika katika ripoti kwamba wananchi hawapendi mazingira! Wanapenda. Wamepiga hesabu tu.

Nilihudhuria sherehe moja ya mazingira, sitataja ya nani. Kulikuwa na hema tatu, vipaza sauti, fulana zenye maandishi, na wageni walikuja kwa magari. Wageni wakubwa wakapanda miti, wakapigwa picha. Watoto wa kijiji kile walisimama nje ya kamba tangu saa tatu mpaka saa nane, wakiangalia. Ile miti iliyopandwa, watoto wale ndio wangeichunga wasiile mbuzi. Pesa za hema moja zingelipia lori la kuwaleta watu wa vijiji viwili vingine, na sufuria ya githeri juu yake.

Kwa hiyo kama kikundi chenu kinataka kufanya jambo hili, anzeni na hesabu ya yule maskini zaidi. Nendeni mahali panapofikika kwa miguu. Mkienda mbali, tafuteni lori la shule au la parokia, mchange mafuta. Uji upikwe huko huko. Mtoto aje na kikombe chake. Na wazee waende pia, hilo nasisitiza, maana mzee ndiye anayejua majina ya ndege na miti kwa Kijaluo na Kikuria, na akifa huondoka nayo.

Halafu siku. Hapa watu hukosea sana. Sisi Wakatoliki tunapenda kupanga mambo Jumamosi. Lakini Kendu Bay iko jirani na Gendia, mahali ambapo Waadventista walianza misheni yao mwaka 1906, na majirani zetu wengi Jumamosi wako kanisani. Jumapili asubuhi sisi tuko Misani. Ijumaa mchana Waislamu wa mjini wako msikitini. Siku ya soko hakuna mama atakayekuja. Mkitaka yawe matembezi ya wananchi wote na si ya parokia, chagueni sikukuu ya kitaifa au Jumapili alasiri, na mwende kuwauliza wenzenu kabla ya kuandika tangazo.

Niliambiwa nisiongee sana juu ya Ruma, lakini nitaongea kidogo. Wale mnaotoka Lambwe mnajua: ukiwaambia watu wa kule waende kutazama wanyama, watakuuliza kuhusu nyati aliyemuumiza jirani yao. Wana haki. Zamani bonde lile lilikimbiwa kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Watu walikufa, ng'ombe walikufa kwa nagana. Leo hali ni tofauti sana. Mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha ya kwamba malale si tena tatizo la afya ya jamii katika Kenya. Huo ni ushindi mkubwa, nao haukuja kwa bahati. Kuna watu waliotega mbung'o kwa vitambaa vya buluu na kupima damu za watu miaka na miaka. Lakini woga huwa hauishi siku ile ile ugonjwa unapoisha.

Na habari ya fidia, msiikwepe. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataja shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo. Wengi wamedai na kungoja kwa miaka. Mkipanga matembezi upande huo, mwombeni ofisa wa KWS aje kwanza kwenye baraza ajibu maswali hayo, aeleze fomu hupatikana wapi na hupelekwa wapi. Maswali yakijibiwa, ndipo mtembee. Mtu mwenye kilio hawezi kuonyeshwa twiga.

Kwa nini basi nawasumbua na Ruma? Kwa sababu ya korongo. Simaanishi ndege korongo, bali yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, mwenye masikio marefu. Katika Kenya nzima amebaki Ruma peke yake. Hesabu ya wanyama ya mwaka 2021 ilipata korongo 15. Kumi na tano! Hapa ukumbini tuko wengi kuliko hao. Kitanzi cha waya kilichotegwa kwa ajili ya nyama ya paa hakichagui nani apite. Askari hawawezi kukaa kila kichakani. Atakayeona kitanzi ni kijana anayechunga mbuzi kando ya uzio, na atakiondoa au kukiacha kulingana na jinsi anavyomjua yule mnyama. Kama hajawahi kuingia ndani hata siku moja tangu azaliwe, atamjulia wapi?

Hilo ndilo jibu langu kwa yule mama wa kiboko. Kuhusu shamba lake, tutazungumza na wahusika. Lakini watoto wake wanastahili pia kumwona mnyama mchana, wakiwa na mtu wa kuwaeleza, si usiku tu wakiwa wamejificha chini ya kitanda.

Wengi wenu mnaijua hadithi ya Simbi Nyaima, jina lenyewe maana yake ni kijiji kilichozama. Wazee husimulia kwamba kulikuwa na karamu, watu wanakula na kunywa, akaja bibi mzee, mchafu, mwenye njaa, akaomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mama mmoja tu alimwonea huruma. Usiku ule mvua ikanyesha, maji yakapanda, kijiji chote kikazama pamoja na ngoma zao. Mwanajiolojia atawaambia habari ya volkano, naye anasema kweli. Lakini mimi kila nikipita pale namfikiria yule bibi mlangoni. Mkienda na watoto, mzee asimulie hadithi hiyo wakiwa wameketi huku wanaliona ziwa. Haina gharama.

Mkifika, mfanye nini? Msitoe hotuba. Tembeeni kimya kwa muda, halafu hesabuni. Kuhesabu ndege ni kazi ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza, na tena ina maana. Kila mwezi wa Januari, katika nchi nyingi za Afrika, watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini siku hizo hizo, na Kenya imo. Hamhitaji darubini kwa kuanzia. Mnahitaji daftari, kalamu, na mtu mmoja mwenye subira. Andikeni tarehe, saa, mahali, heroe wangapi, yangeyange wangapi, mnandi wangapi. Mkifanya hivyo kila mwezi kwa mwaka mmoja, mtakuwa na daftari linaloweza kuwekwa mbele ya chifu au ofisa wa kaunti siku mtu atakapokuja kusema pale hapana kitu, pajengwe.

Walimu mlio hapa, kumbukeni Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa na wanafunzi wenyewe mwaka 1968. Havikuanzishwa na mfadhili.

Sasa nyinyi wa Migori. Mto Migori unapita mjini kwenu, unaungana na Kuja, unaingia ziwani Nyatike. Kando ya mto kuna kwera wanaosuka viota, kuna mbayuwayu chini ya daraja. Na huko chini, kwenye mafunjo, ndiko kamongo na mumi huzaliana. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, ninyi wa ufuoni mliona wenyewe nyumba zikiingia maji. Mafunjo hupunguza nguvu ya maji na kushika matope, lakini tunayakata na kuyachoma kama takataka. Wapelekeni watoto wakayaone, na wavuvi waeleze. Matembezi ya namna hiyo mwenye samaki wake sokoni atayaelewa upesi kuliko hotuba yangu.

Mambo ya usalama, kwa haraka. Ufuoni msiende kabla jua halijapanda wala baada ya saa kumi na moja jioni, kwa sababu ya viboko. Mtoto asiingie majini, kuna mamba na kuna kichocho. Upande wa Macalder, mahali wanaposafisha dhahabu kwa zebaki, msipeleke watoto kabisa. Simbi ukingo wake una mteremko, wadogo washikwe mkono. Ndani ya Ruma hakuna kushuka kwenye gari bila ruhusa ya askari. Watu wazima wawe mmoja kwa kila watoto wanane, na wahesabiwe wakati wa kuondoka na wakati wa kurudi.

Nilimaliza muda wangu tangu zamani, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kila kikundi kichague mahali pamoja ambapo watu wake wanaweza kufika kwa miguu, na siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Majina yaandikwe kwa katibu wakati wa chakula. Wa Kendu Bay, mnaombwa mbaki kidogo, kuna mzee anayekubali kusimulia lakini anauliza ni nani atamleta na pikipiki.