Istilahi za Sayansi: Funzo la Wakazaki



Nimeombwa nizungumzie misingi ya kuunda istilahi za sayansi, nami nimeonelea nitoe mfano wa Wakazaki wa Asia ya Kati. Lugha yao ni ya ukoo wa Kituruki, haina nasaba na Kiswahili. Lakini mzigo wao tunaufahamu: kufundisha elimu ya kisasa kwa lugha ya wananchi, baada ya lugha ya mtawala kukalia kiti cha mbele kwa miaka mingi.

Mwasisi wa kazi hiyo ni Akhmet Baitursynuly, aliyezaliwa mwaka 1872. Alitunga vitabu vya sarufi kwa ajili ya shule. Kitenzi alikiita "etistik", kutokana na "et", yaani tenda. Sawasawa na kitenzi chetu. Nomino ni "zat esim", yaani jina la kitu. Maneno hayo mawili yana asili ya Kiarabu, lakini yalikwisha kukomaa vinywani mwa Wakazaki. Kwa hiyo hoja haikuwa usafi wa damu ya neno. Hoja ilikuwa kwamba mwananchi alielewe.

Mwaka 1924 wasomi wa Kikazaki walikutana mjini Orenburg, na istilahi zikawa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa. Msimamo uliotawala ulikuwa huu: kwanza, neno litafutwe katika hazina ya watu wenyewe, pili, litafutwe katika lugha za jamaa za Kituruki, tatu, neno la kimataifa lipokewe, lakini litii sheria za matamshi ya Kikazaki. Mgeni akaribishwe, ila afuate desturi za nyumba.

Msimamo huo ulivunjwa kwa nguvu. Baitursynuly aliuawa Desemba 1937. Qudaibergen Zhubanov, mwanaisimu aliyeshughulikia sana istilahi katika miaka ya 1930, aliuawa mwaka 1938. Mwaka 1940 Wakazaki walipewa alfabeti ya Kisirili yenye herufi 42: 33 zote za Kirusi, na 9 tu za ziada kwa sauti zao. Tangu hapo neno la Kirusi liliingia na tahajia yake kamili, na mwenye nyumba ndiye aliyetakiwa kubadili matamshi. Kufikia sensa ya mwaka 1989 Wakazaki walikuwa takriban asilimia 40 tu ya watu wa nchi yao, na katika miji elimu ya juu ya sayansi ilikuwa ni Kirusi.

Sheria ya lugha ya mwaka 1989 na uhuru wa mwaka 1991 vilifungua mlango tena. Leo ndege ni "ushaq", kutokana na kuruka; helikopta ni "tikushaq", kirukacho wima. Haidrojeni ni "sutegi", asili ya maji. Oksijeni ni "ottegi", asili ya moto. Ndugu walimu, tazameni faida yake: mtoto akilisikia jina, nusu ya somo amekwisha kuipata.

Lakini bidii ikizidi huharibu. Piano iliitwa "kuysandyq", sanduku la muziki, na wengi wakalicheka neno hilo, kwa kuwa piano ilikwisha kueleweka. Neno linalofanya kazi yake halina haja ya kufukuzwa kazi.

Hapa napata misingi minne. Istilahi iwe wazi kwa mwanafunzi. Dhana moja iwe na neno moja, wala si kila ofisi na lake. Neno lizae mengine: kutokana na "sutegi" mwalimu aweze kuendelea bila kukwama. Na mwisho, chombo kimoja kiwe na kauli ya mwisho, baada ya kuwasikiliza watumiaji.

Nasi tunalo Baraza la Kiswahili la Taifa tangu mwaka 1967, na istilahi zilizosanifiwa si chache. Lakini istilahi iliyolala kabatini haijazaliwa. Huzaliwa inapoandikwa ubaoni na katika barua ya serikali. Wakazaki walipoteza watu wao bora kwa ajili ya kazi hii. Sisi hatudaiwi damu. Tunadaiwa kuyatumia tu maneno tuliyo nayo. Tukishindwa hata hilo, tutamlaumu nani?